Atomu ifundishwe ieleweke
Ndugu mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu atomu, ile chembe ndogo sana inayounda vitu tunavyovigusa, maana wanafunzi wengi wanakaririshwa tu. Katikati kuna kiini chenye protoni za chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji, halafu elektroni zenye chaji hasi ziko nje, na idadi ya protoni ndo inaamua ni elementi gani, yani dutu ya msingi ipi, 1 ni haidrojeni, 6 kaboni, 7 naitrojeni, yani ukiongeza protoni moja tu unapata kitu kingine kabisa! Mi hapo ndo naona utamu wote. Ila ile michoro ya elektroni kuzunguka kama sayari inapotosha jamani, elektroni haina njia moja maalumu, na atomu ni pana mara 10,000 hadi 100,000 kuliko kiini chake, sasa kwenye vitabu kiini kinachorwa kikubwa hivyo kwanini bila hata maelezo?
Msomaji wenu