Freese alipiga 20, zikapita 20

Mhariri,

Kila Desemba, tuzo ya Lou Groza ya mpiga mateke bora wa futiboli ya Kimarekani (ile ya kubeba mpira mikononi) katika vyuo vya Marekani inapotolewa, mimi humkumbuka Nate Freese wa Boston College. Msimu wa 2013 alijaribu mara 20 kupitisha mpira kati ya milingoti. Ukapita mara zote 20.

Tuzo alipewa Roberto Aguayo wa Florida State, aliyepata 21 kati ya 22. Simbezi kijana yule: ulikuwa msimu wake wa kwanza uwanjani, na mateke ya nyongeza baada ya tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) alipata yote 94. Lakini hizo 94 alitengenezewa na wenzake, mabingwa wa taifa mwaka huo. Freese angezitoa wapi, katika timu iliyoshinda mechi saba tu?

Kuna wanaonicheka kwamba Detroit Lions, timu ya kulipwa, walimwacha Freese baada ya mechi tatu mwaka 2014. Sawa, ila Aguayo naye Tampa Bay, timu nyingine ya kulipwa, walimwacha baada ya msimu mmoja.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam