Juisi ya sokoni Malindi nani anaipima?

Kwa mhariri,

Gazeti lenu nasoma miaka na miaka sijawahi kuandika, lakini ile habari yenu ya dawa za wadudu kwenye juisi imenikera. Mmezisifu njia mpya zisizochafua mazingira za kuitoa dawa kwenye juisi ili ipimwe, na kweli ni nzuri, zamani maabara zilitumia kemikali kibao kwa kazi hiyo halafu hizo kemikali zenyewe zikawa uchafu, sasa ile ya mwaka 2003 iitwayo QuEChERS inatumia kama mililita 10 tu za kiyeyusho, yaani kemikali ya majimaji ya kuivuta dawa, pamoja na chumvi, na njia zingine zinatumia matone tu. Ila hamkusema kuitoa dawa ni nusu ya kazi, lazima kuwe na mashine ya kusoma kilichotoka, na mashine hiyo mie nitaipata wapi?

Nauza juisi ya embe na ukwaju. Msimu uliopita nilienda shamba moja kuagiza maembe aina ya ngowe nikamkuta kijana na pampu mgongoni anapiga dawa, hana hata kitambaa puani, na kesho yake asubuhi maembe yale yale yako mlangoni kwangu kwa kreti! Nampigia mwenye shamba, namwambia lebo ya dawa si imeandika siku za kungoja kabla ya kuvuna, ananiambia mama we osha tu umenye. Nioshe nini jamani na kuna dawa zinaingia mpaka ndani ya nyama ya tunda, na wateja wangu ni watoto wa shule? Nilirudisha kreti nikabakisha matano, nikasaga, nikapeleka chupa ofisi moja, wakaniambia niipeleke Nairobi mwenyewe kwa gharama yangu. Lakini Ulaya walipokaza ukaguzi wa maharagwe mabichi ya Kenya 2013, yaliyokwenda kwao yalipimwa. Sisi tunaokunywa hapa hapa je?

Na zile chupa tupu za dawa, watu wanaziosha wanatilia mafuta ya taa, wengine maji ya kunywa, nimeona kwa macho yangu.

Basi msimu wa embe kila Jumatatu gari moja lipite sokoni na sanduku la barafu, lichukue juisi kwa wauzaji watano, lipeleke maabara, na majibu yabandikwe mlangoni pa soko kwa Kiswahili. Chupa ya kwanza natoa mie, na jina la shamba nitaliandika juu yake.

Muuza juisi, Malindi