Barua kwa mwanangu: hivyo vitu vidogo ni vingapi?

Majengo, Dodoma

Mwanangu,

Mbukwa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikifungua mdomo tu kuhusu hiyo ndege unayoijenga, unasema, "Mama, nimebadilisha vitu vidogo tu," halafu unaniuliza habari za mbuzi. Barua hii anakuletea dada yako, anakuja Morogoro na treni ya Jumamosi. Isome mbele yake. Nimemwambia aangalie utakunja uso wapi.

Hivyo vitu vidogo ni vingapi?

Mwaka jana ulisema ndege itafungwa injini ya Rotax, ile ya nguvu za farasi 100. Sasa nasikia bandani kwako kuna injini ya Subaru inaning'inia kwenye mnyororo. Sikulaumu kwa bei, pesa ya Rotax mtu anainua nyumba Nkuhungu. Na yule mzee mteja wangu wa suruali za kaki, aliyekuwa fundi wa ndege mpaka akastaafu, anasema wapo walioruka na Subaru miaka mingi. Lakini aliniuliza swali moja: uzito je? Nikakosa jibu. Akasema Subaru, ukiongeza rejeta na giaboksi ya kupunguza mizunguko ya propela, inakaribia mara mbili ya Rotax. Kwa hiyo pua imekuwa nzito. Kwa hiyo tangi umelirudisha nyuma. Kwa hiyo mpira wa mafuta umerefuka, na koki ya kufungulia mafuta imehama. Kitu kidogo kimoja kimezaa vitatu, na hapo nahesabu vile tu ninavyovijua.

Mimi ndege siijui, nguo naijua. Mteja akitaka bega lipunguzwe, mkono unavuta. Ukilegeza mkono, kwapa linabana. Ukipanua kwapa, gauni linapanda mbele na maua ya kitambaa hayakutani tena. Aliyechora ramani ya ndege yako alikwisha kupiga hesabu za mabega na makwapa yote. Wewe umeshika mkasi katikati.

Mzee akaniambia pia kwamba kila silinda ya Rotax ina plagi mbili, na moto wake inajitengenezea yenyewe bila kuomba betri. Subaru ni injini ya gari, inategemea umeme wa betri. Betri ikifa barabarani unashuka, unasukuma. Umeliwekea hilo betri ya pili, au nalo ni dogo?

Koki ndiyo inayoninyima usingizi. Yule mwimbaji wa Marekani, John Denver, alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 baharini huko California, na ndege aina ya Long-EZ ya kujengwa nyumbani. Hakuijenga yeye, aliinunua kwa mtu. Ramani ya Burt Rutan, aliyeibuni ndege hiyo, iliweka koki ya mafuta katikati ya miguu ya rubani. Aliyeijenga akaihamishia nyuma ya bega la kushoto, na nia yake ilikuwa njema kabisa, hakutaka mafuta yapite pale alipokaa mtu. Siku ile, kabla ya kuruka, Denver na fundi walijaribu kurefusha mpini wa koki kwa koleo ili aufikie, haikusaidia. Wachunguzi walisema huenda alipogeuka kuitafuta koki, mguu ukakanyaga pedeli ya usukani. Basi wewe kaa kwenye kiti chako, funga mkanda kabisa, fumba macho, nyoosha mkono. Koki unaifikia? Unaigeuza bila kugeuza bega? Usinijibu mimi, mjibu dada yako akiwa anakuangalia.

Boliti za mabawa je? Umemwambia dada yako kwamba ulizonunua duka la vipuri vya malori ni ngumu kuliko za ndege. Ndiyo hapo. Mzee anasema chuma kikizidi ugumu hukatika ghafla, bila kupinda kwanza. Na boliti ya bawa ile sehemu laini isiyo na meno ndiyo inayotakiwa kujaa tunduni, meno yatokeze nje kwenye nati. Hizo za kwako zina meno mpaka kichwani, sivyo? Zitoe. Nimekutumia laki mbili na nusu kwa simu, ni za boliti, si za rangi. Rangi inasubiri.

Mkono huu wa kubadilisha badilisha hukuuokota njiani, najua. Nani alikushonea kaptula za shule kwa mabaki ya mapazia? Na ile spana ya marehemu baba yako ya kupimia mkazo wa nati, niliiuza mwaka ulioingia kidato cha tano. Hukuwahi kuniuliza iliko. Mzee anasema hata ingekuwepo isingekufaa, ni ya malori, boliti ndogo za ndege zinataka spana ndogo. Sijui anasema kweli au ananifariji.

Mbele za watu nakusifu, usidhani. Kila anayeleta nguo kibandani anajua mwanangu anajenga ndege. Baadhi hawaamini, nawaonyesha picha.

Ila hilo la kuja Dodoma nayo Krismasi, hapana. Unaijaribia Morogoro, mita kama 500 kutoka usawa wa bahari. Hapa ni zaidi ya 1,100, na jua la mchana unalijua, hewa inakuwa nyepesi na injini inapungukiwa pumzi. Usinitolee mfano wa ndege za wabunge. Kwanza ipime, kila gurudumu na mizani yake, ujue uzito umekaa wapi. Halafu mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga akija, mwonyeshe ulivyobadilisha vyote, hata vile ulivyonificha mimi. Krismasi panda treni kama dada yako.

Mbuzi wawili wamezaa. Zabibu za baba yako mdogo wanunuzi wamezishusha bei tena, amenuna, mpigie. Bati la jikoni bado linavuja na mvua ndiyo hiyo inanukia.

Ukija niletee mkanda wa cherehani, ule wa ngozi wa cherehani ya miguu, hapa nimezunguka sijaupata. Wa zamani ulikatika wiki mbili zilizopita. Nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli, kinakwenda vizuri tu. Usicheke.

Mama yako