Kabla hujafungua nati hata moja ya hiyo Jimny

Buda yangu,

Natumai mko poa huko Kahawa West na watoto wamepona ile homa. Sisi hapa Ruai tuko salama, mvua imetuachia matope tu, na shemeji yako anakusalimia sana, anauliza mbona tangu Krismasi hujapita hata kwa chai.

Nimesoma meseji yako mara mbili. Ati umeshanunua liftikiti ya inchi mbili, zile springi na shoki ndefu za kuinua gari, ya hiyo Jimny yako, 4x4 ndogo ya Suzuki, na unataka kuifunga mwenyewe hapo kwa ploti ndio uende nayo Suswa, ule mlima wa volkano, na unasema ni kazi ya asubuhi moja tu. Sikulala vizuri bana. Ndio maana nakuandikia barua nzima badala ya kukutumia voisi, kwa sababu hii kazi nimeipitia kwa mikono yangu na nusura inichukue mkono wenyewe, na hiyo sijawahi kukuambia.

Sikukatazi. Hata nataka uifanye mwenyewe, kwa sababu mtu akifunga gari yake kwa mkono wake anaijua, akisikia mlio huko porini anajua umetoka wapi. Lakini mimi niliuziwa springi nne na shoki nne nikaambiwa hiyo ndio kila kitu, funga uende, nikaamini, na sitaki wewe uamini hivyo pia. Springi ndio sehemu rahisi. Ukiinua chasisi sentimita tano, vile vitu vyote vinavyounganisha chasisi na ekseli vinabaki na urefu ule ule wa kiwanda, paipu za breki, rodi ya stering, ile rodi inayozuia ekseli isiende kando, ile mikono miwili ya mbele, hakuna hata kimoja kimeongezeka, na kila kimoja kitakudai chake.

Wacha nianze na jeki kwa sababu hapo ndipo mtu anakufa. Wewe unajua huku kwetu udongo ni mweusi, ukiwa mkavu ni kama simiti, ukinyeshewa kidogo unameza gumbuti. Siku ile ulikuwa mkavu juu juu. Nilipandisha nyuma kwa jeki ya troli, nikaweka stendi mbili chini ya chasisi, nikatoa tairi, nikafungua shoki chini, ekseli ikashuka vizuri na springi ya kwanza ikatoka kwa mkono bila hata kuminywa. Nikafurahi. Nikaingiza mkono kusafisha kile kikombe springi inakalia, kulikuwa na mchanga umeshikana na grisi ya zamani, na nikasikia kitu kama mtu anakanyaga biskuti. Nikatoa mkono bila kufikiria. Ile stendi ya kushoto, mguu wake mmoja ulikuwa umevunja gamba la udongo na kuzama kama vidole vinne, gari ikalala kando polepole, polepole kabisa, mpaka chasisi ikakalia ile tairi niliyokuwa nimeilaza hapo chini. Na hiyo tairi sikuiweka kwa akili, niliiweka tu kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuiweka. Nilikaa kwa ndoo kama nusu saa nikiangalia mikono yangu.

Kwa hivyo hapo kwenu nimeona kuna kabro upande wa geti, fanyia hapo, usifanyie nyuma kwa mchanga. Na hata kwa kabro tafuta mbao nzito, ile ya sita kwa mbili, vipande viwili vya futi moja hivi, kila stendi ikalie yake. Tairi ukiitoa, ilaze chini ya chasisi kila mara, safari hii kwa akili. Kingine watu hawafikirii ni kwamba hiyo Jimny hendibreki inashika tairi za nyuma peke yake, na gia pia ukiwa hujaweka 4x4 inashika nyuma tu, sasa ukiinua nyuma hakuna kitu kimeshika gari isipokuwa mawe uliyoweka mbele. Weka mawe kweli kweli, mbele na nyuma ya kila tairi. Na usiniambie utatumia ile jeki ndogo ya gari.

Sasa paipu za breki. Shoki mpya ni ndefu kuliko za kiwanda na ndivyo inafaa iwe, maana zinaachilia ekseli ishuke zaidi ukipita kwa mtaro. Lakini zamani kitu kilichokuwa kinazuia ekseli isishuke zaidi kilikuwa shoki fupi, sasa shoki imerefuka, unajua kitu kitakachozuia ni nini? Ni hiyo paipu ya mpira ya breki. Mimi niliona baada ya kufunga kila kitu, nikapandisha gari tena ndio tairi zining'inie nikachungulia, ile ya nyuma iko katikati juu ya ekseli ilikuwa imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, ukiigusa inalia. Fikiria hiyo ikatike ukiteremka Suswa na watoto ndani. Kwa hivyo ukimaliza kila upande, kabla ya kurudisha tairi, shusha ekseli mpaka mwisho wake na upitishe mkono kwa kila paipu na kila waya, kama kuna mahali pamekazwa usiendeshe hiyo gari hata mpaka dukani. Utafute paipu ndefu au vipande vya kushusha zile klipu, ukibadilisha paipu lazima ubledi breki, yaani utoe hewa kwa paipu, magurudumu yote manne, na hiyo ni kazi ya watu wawili, mmoja kwa pedali mwingine chini. Halafu wakati unatoa springi usiache ekseli ining'inie kwa hizo paipu hata dakika moja, jeki ya troli ikae chini yake muda wote.

Nilimaliza Jumapili jioni. Gari ilisimama vizuri bana, imenyooka kifua mbele, jirani wote walitoka kuangalia. Jumatatu nikaenda nayo kazini na hapo Eastern Bypass nikiwa kwa 80 nikakanyaga mahali lami imeinuka kidogo, stering ikaanza kutetemeka, si kutetemeka kwa kawaida, ilikuwa inanyang'anywa mkononi, dashibodi yote inapiga kelele na lori liko nyuma yangu. Nilishika kwa nguvu nikatoa mguu kwa mafuta polepole, ikatulia nilipofika kama 40. Nilisimama kando na magoti yalikuwa yanacheza.

Hii ndio sehemu nataka uisome polepole.

Hiyo ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwa chasisi. Ukiinua gari, chasisi inapanda, mikono inainama, na ikiinama inaizungusha ekseli kidogo. Ule mlalo unaofanya tairi zipende kurudi katikati zenyewe ukiachilia stering, mafundi wanaita kasta, unapungua. Ukipungua gari inakuwa nyepesi mbele, inatangatanga barabarani, na kama kuna bushi imechoka au beringi za hapo kwa kile kiungo kinachogeuza tairi zina uchezi kidogo, ndio unapata ule mtetemo. Inchi mbili zinatosha kabisa kukuletea hayo. Dawa ni bushi maalum za hiyo mikono, tundu lake haliko katikati, ziko zimesogezwa kando kidogo ndio zirudishe mlalo. Hizo huwezi kuzifunga nyumbani, zinatoa jasho, zinataka mashine ya kupresi. Mimi nilifungua mikono nikaibeba kwa gunia nikapanda matatu mpaka Kirinyaga Road, jamaa wa presi akatoa za zamani akaingiza mpya nikiwa nimesimama hapo. Simama hapo na wewe, na uhakikishe alama ya kila bushi imeangalia upande unaotakikana kabla hajabonyeza, kwa sababu ikiingia kinyume umepunguza kasta zaidi badala ya kuiongeza.

Halafu ile rodi inayozuia ekseli isiende kando. Upande mmoja imefungwa kwa chasisi, upande mwingine kwa ekseli. Chukua mbuzi aliyefungwa kwa kijiti, akipanda juu ya kichuguu kamba haiongezeki, inamvuta arudi upande wa kijiti. Ndivyo ekseli inavyovutwa. Mimi nilifunga uzi wa fundi wa mawe na nati nzito, nikauninginiza kutoka madigadi ya kushoto nikapima mpaka kwa tairi, kisha kulia, tofauti yake ukiigawa mara mbili ilikuwa kama sentimita moja. Ina maana ekseli imehama sentimita moja nzima, tairi moja imechungulia nje na nyingine imejificha. Kuna rodi za kurekebishika zina uzi katikati, unazungusha mpaka ikae sawa. Nunua ya mbele na ya nyuma. Najua pesa imeisha, lakini heri usogeze Suswa mwezi mmoja.

Stering nayo utaikuta imepinda hata ukienda moja kwa moja, hiyo usihangaike, unarekebisha ile rodi inayotoka kwa boksi ya stering, halafu unaenda alaimenti.

Kitu kingine ambacho mimi nilikifanya vibaya nikarudia, bolti zote zinazopita kwa bushi za mpira usizikaze mwisho gari ikiwa juu. Zishike tu. Rudisha tairi, shusha gari chini, ruka ruka kwa bampa ikae, ndio uingie chini ukaze na toki, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Ukikaza ekseli ikiwa imening'inia, mpira unashikwa ukiwa umekalia pembe isiyo yake, gari ikishuka unabaki umejipinda siku zote na unachanika mapema. Na baada ya kilomita kama 500 uzirudie zote.

Sasa uniambie ukweli, unataka nini hasa huko Suswa? Maana tangu twende kuangalia Rhino Charge, zile mbio za 4x4 za porini, umekuwa ukiongea urefu tu. Zile gari ni za kazi yake, hizo mbio zilianza 1989 na pesa yake inaenda Rhino Ark, lile shirika la kuhifadhi misitu na wanyama, ndio ikajenga ule ua wa Aberdare wa kilomita karibu 400, na gari nyingi pale zinaletwa juu ya lori zinarudi juu ya lori. Yako Jumatatu inapeleka watoto shule. Na kuna jambo ambalo hakuna muuza duka alinieleza, kwa Jimny ekseli ni nzima kutoka tairi mpaka tairi, kwa hivyo springi zinainua bodi na chasisi lakini ile difu, lile tumbo la gia kwa ekseli, inabaki pale pale ilipokuwa. Jiwe lililokuwa linagonga difu litagonga bado. Kitu kinachoinua difu ni tairi peke yake. Ukitoka 205/70R15 uende 215/75R15, tairi inakuwa kubwa kwa milimita kama 35, difu inapanda nusu ya hiyo, si hata sentimita mbili. Lift inakupa nafasi ya hiyo tairi, inakupa pua na mkia visigonge ukipanda, na tumbo lisikalie tuta la katikati kwa ile njia ya vumbi ya kupanda mpaka ukingo wa kreta ya nje, ambayo matairi ya malori yameichimba mitaro miwili. Hiyo ni faida kubwa, siipingi. Lakini ujue umelipia nini. Na ukiweka hizo tairi, spidi mita itakudanganya kidogo, ikisoma 80 wewe uko 84.

Taa pia uziteremshe jioni hiyo hiyo, hapa Kangundo Road kila usiku kuna gari zimeinuliwa na taa zinamulika watu macho, nisingependa iwe wewe. Na wapigie watu wa inshuarensi uwaambie umeinua gari, waandike.

Nimeongea na shemeji yako, Jumamosi hii niko huru. Nitakuja saa moja asubuhi na stendi nne, jeki yangu ya troli, toki, na zile mbao zangu, wewe tafuta paipu ndefu ya kuongezea spana nguvu kwa sababu bolti za chini za shoki zitakuwa zimeshika kutu, zinyunyizie WD-40 kuanzia Jumatano, kila jioni kidogo. Tufanye nyuma Jumamosi, mbele tusubiri mpaka bushi na rodi zipatikane, gari itainama mbele kwa wiki moja hivi, taa zitaangalia chini, haina shida, uiendeshe taratibu hapo karibu tu.

Kabla sijafika nifanyie kitu kimoja. Ikiwa imesimama kwa kabro, tairi zote zina upepo sawa, chukua tepu upime kutoka katikati ya habu mpaka mdomo wa madigadi juu yake, kona zote nne, uandike kwa chaki kwa ukuta wa geti na unitumie picha. Usipime na mizigo ndani, toa kile kiti cha mtoto na yale masanduku ya soda.

Ni mimi,
jirani yako wa zamani