Risala ya Umoja wa Mawakala wa Fedha kwa Simu kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya na Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya,
Mheshimiwa Diwani,
Afande Mkuu wa Polisi wa Wilaya,
Viongozi wetu wa dini na wa soko,
Ndugu wanachama, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuja kutufungulia mkutano wetu mkuu wa mwaka. Sisi ni mawakala wa vibanda na miavuli, kuanzia stendi mpaka sokoni. Taarifa ya mapato na matumizi atakuja kuisoma Mhazini. Risala yetu ina jambo moja tu: Serikali itenge fedha ili wapelelezi wa makosa ya mtandao wafike wilayani, wakiwa na vifaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wakisikia wizi wa mtandao hudhani ni kijana mmoja na kompyuta yake. Wanaotuibia sisi ni genge, na kazi wamegawana. Kuna anayetafuta laini, anayetuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", anayepiga simu kwa sauti ya huduma kwa wateja, na anayekwenda kutoa fedha kwenye mkoa ambao hakuna anayemjua.

Tuanze na huyo wa laini, kwa sababu kazi yake tunaiona kwa macho. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia ukomo tarehe 20 Januari 2020, tulishangilia tukijua matapeli wamepatikana. Haikupita muda wakapata njia. Bibi anakuja kusajili laini kwa kijana anayetembeza laini mtaani. Anaweka kidole, kijana anatazama simu yake, anakunja uso: "Bibi, hakijasoma, futa jasho uweke tena." Bibi anafuta kidole kwenye khanga, anaweka tena. Anaondoka na laini moja, kumbe zimesajiliwa mbili kwa kitambulisho chake cha NIDA. Ile ya pili inauzwa. Siku ikitumika kumliza mtu, jina linalosomeka ni la bibi.

Sasa mpigaji wa simu. Mwanachama mwenzetu alipigiwa jioni, foleni ikiwa imemzidi. Mpigaji alimtaja jina lake, namba yake ya uwakala na muamala wa mwisho alioufanya. Akamwambia laini yake inahuishwa, afuate maelekezo asije akafungiwa. Kabla mteja wa mbele yake hajamaliza kuhesabu hela, floti yake, yaani mtaji wake wa kwenye simu, shilingi laki nane, ilikuwa imekwisha. Alikimbia kituoni akafunguliwa jalada, akapewa RB, yaani namba ya taarifa yake polisi. Askari alimsikiliza vizuri, hilo tunalisema wazi. Lakini kituo hakikuwa na mpelelezi aliyesomea mambo hayo. Ombi la kupata kumbukumbu za namba ile lilitakiwa lipande mkoani kwanza, kisha liende kwenye kampuni, kisha majibu yashuke. Majibu yaliporudi, fedha ilikwishapita kwenye namba kadhaa na kutolewa taslimu mkoa mwingine. Simu aliyotumia askari kufuatilia ilikuwa yake, na bando lilikuwa lake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na sisi tunaomba mkono wa Jeshi la Polisi usiwe mtupu katika jambo hili.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Sheria ya Uhujumu Uchumi nayo ina shitaka la kuongoza genge la uhalifu, na tumesikia mara nyingi likisomwa mahakamani. Wapelelezi mahiri nao wapo, ila wengi wako makao makuu na kwenye miji mikubwa, wakati jalada linafunguliwa huku kwetu. Kwa wizi wa namna hii, kila saa inayopita ni mkoa mmoja zaidi fedha imevuka.

Elimu tumepewa, na tunaishukuru TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 tunajua. Kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako tunajua, na tunawafundisha wateja. Mabango tumebandika mpaka vibanda vimekosa rangi. Ila tumeanza kuona mzigo wote anatwishwa anayeibiwa. Akilizwa, anaulizwa kwa nini hakuwa makini. Taarifa za TCRA za kila robo mwaka zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kwa wingi wa majaribio ya utapeli. Kama inajulikana utapeli unatokea wapi, basi fungu la upelelezi lielekezwe huko kwanza, hata kama sisi tutasubiri zamu yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu lina mfano wa karibu. Vituoni kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na mama aliyepigwa anajua akifika amuulizie nani. Tunaomba dawati la namna hiyo kwa makosa ya mtandao: wapelelezi wawili watatu waliofunzwa, kompyuta, bando la Serikali, na njia ya moja kwa moja ya kuiomba kampuni ya simu izuie fedha usiku huohuo, taratibu za kisheria zikifuata.

Fedha zitoke wapi? Kila ada ya kutuma na kutoa ina ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 unaokwenda Serikalini. Mwaka 2021 tuliona pia tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000, ikitukimbizia wateja mpaka Serikali ikaipunguza. Ilituumiza, lakini vituo vya afya na madarasa vilijengwa na tukaonyeshwa. Hatuombi tozo mpya, Mheshimiwa, tafadhali lisije likaandikwa hivyo! Tunaomba sehemu ya kile kinachokatwa sasa irudi kuulinda muamala wenyewe.

Wanachama wengine wanataka kampuni zichangie. Uingereza wamefanya hivyo tangu mwaka 2002: kikosi cha polisi cha London kinachopeleleza wizi wa kadi na malipo kinagharamiwa na sekta ya benki, na askari hukaa meza moja na wachunguzi wa sekta hiyo. Kwenye kikao chetu hoja hii ilizua mjadala mrefu. Wapo walioipenda, na wapo waliouliza: siku mtuhumiwa akiwa ni mfanyakazi wa kampuni inayolipa, jalada litakwenda kwa mwendo gani? Tulikubaliana kampuni zichangie kupitia Hazina, siyo mkono kwa mkono.

Na fungu hilo likipatikana, lifuate wezi. Dawati likigeuka la kusaka vijana waliogombana kwenye magrupu ya WhatsApp, sisi tutabaki na RB zetu.

Bunge la Bajeti huanza Aprili, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi huwasilisha makadirio yake humo. Tunaomba Kamati yako ya Usalama ilipeleke jambo hili mkoani mapema, kabla mafungu hayajagawanywa. Kwa upande wetu, kila mwanachama ataandika daftari la miamala kikamilifu, na tutakwenda mahakamani kutoa ushahidi tukiitwa. Hapo tuna ombi dogo la mwisho kwa Afande: kesi ikiahirishwa tupigiwe simu, kwa sababu siku ya shahidi ni siku ambayo kibanda kimefungwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama.