Kabla hujaingia kwenye MRI ya moyo

Mwanangu,

Nimeyasoma majibu ya eko, kile kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, uliyonitumia. Ukuta wa katikati ya moyo una milimita 14. Kwa mtu mwingine tungesema hajafika 15, lakini wewe kaka yako ana ugonjwa wa msuli mnene wa moyo, na kwa ndugu wa damu tunaanza kuhesabu kwenye 13. Ndiyo maana daktari anataka MRI, picha za mashine ya sumaku, yenye dawa. Ana haki. Eko hupitwa na unene ulio kwenye ncha ya moyo, na kovu ndani ya msuli haiwezi kulionyesha vizuri.

Dawa yenyewe ni gadolini, inaingia kwa mshipa wa mkono. Haiingii ndani ya chembe hai za msuli, inakaa kwenye nafasi zilizo kati yake. Penye kovu nafasi hizo ni kubwa, kwa hiyo dawa inakawia kutoka. Kipimo ni milimoli 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Wewe una kilo 60: ukipewa 0.1 ya dawa yenye milimoli 0.5 kwa mililita, ni mililita 12, kisha maji ya chumvi ya kuisukuma.

Picha za kovu hupigwa kama dakika 10 baadaye, wala si mara moja. Mpiga picha kwanza anatafuta ule muda, kwa milisekunde, ambao msuli usio na kovu hutokea mweusi ti. Hapo kovu linang'aa jeupe. Dawa ikiendelea kutoka mwilini muda huo nao unasogea, na asiyeurekebisha hupata moyo wa kijivu usiosomeka. Akiona weupe wenye mashaka, abadilishe mwelekeo wa kupiga: weupe wa uongo utahama au kutoweka, kovu litabaki palepale.

Sasa upande wako. Utaambiwa utoe pumzi, kisha uizuie, sekunde 10 hadi 15, tena na tena. Usivute hewa nyingi ukaibana kifuani. Ukizuia baada ya kutoa, moyo hurudi karibu mahali pale pale kila mara, na vipande vya picha vyenye unene wa milimita 8 vinapangika sawasawa toka juu hadi nchani. Picha nyingi mbovu chanzo chake ni pumzi. Fanya mazoezi nyumbani ukiwa umelala chali. Utakuwa humo karibu saa nzima, na mashine inapiga kelele sana, kwa hiyo dai vizibo vya masikio.

Hakuna mionzi, ila sumaku haina mzaha. Kipini cha pua, pini za ushungi, wigi lenye waya, hirizi yenye bati, vyote vibaki nje. Wanja na maskara usipake. Kama unahisi una mimba, sema kabla ya sindano. Wapime na figo. Zikiwa dhaifu sana, aina ya gadolini huchaguliwa kwa uangalifu zaidi.

Kwenye majibu tafuta mambo mawili: kovu liko wapi, na ni asilimia ngapi ya msuli wa chumba cha kushoto. Doa dogo pale ukuta wa kulia unapoungana na wa katikati ni la kawaida kwa ugonjwa huu, lisikutie hofu. Kovu likifika asilimia 15, mazungumzo ya kifaa cha kushtua moyo, kinachopandikizwa mwilini, yanakuwa mazito, pamoja na historia ya kuzirai na mapigo yanayoenda ovyo. Weupe unaofuata eneo la mshipa mmoja, ukianzia upande wa ndani wa ukuta, huwa ni habari nyingine: mshipa uliwahi kuziba.

Picha zikitoka safi, bado utapimwa eko na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kila baada ya miaka michache, isipokuwa jeni ya kaka yako imejulikana na wewe huna. Hilo la jeni mwulize daktari. Na usiondoke na karatasi tu: omba picha zenyewe kwenye CD, ili atakayekupima baadaye alinganishe kwa macho yake.

Mama yako