Barua kwa mwanangu wa wodi ya wazazi

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa Mpunguzi hatujambo, kikohozi cha baba yako kimepungua, na zabibu tumeanza kuvuna juzi. Haya nimeshindwa kuyasema kwenye simu kwa sababu kila nikianza unasema "mama nipo zamu, nitakupigia", na hupigi.

Kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya mtu amerusha video ya muuguzi anamfokea mama aliye kwenye uchungu. Mama wa watu kaja bila glavu, bila pamba, na muuguzi anamwuliza miezi tisa yote alikuwa anangoja nini. Sura ya muuguzi haionekani vizuri. Niliisogeza simu karibu na sikio nisikilize sauti. Si wewe. Nilijua si wewe hata kabla haijaisha. Lakini mbona niliirudia tena?

Nitakuambia. Pasaka ulipokuja ulisema misa siku hizi husikii kitu, Komunyo unapokea kwa mazoea, kwaya umeacha, na kwamba Mungu mwenyewe ni kama amehama. Nilinyamaza kwa sababu kulikuwa na wageni. Baba yako akasema ni uchovu, na pengine ni kweli, watu wawili usiku kucha kwa wodi nzima si mchezo. Kwa hilo sikulaumu. Hata mimi kuna rozari nasali huku nawaza bei ya zabibu. Ninachoogopa ni kingine: mtu akishaona altareni hakuna kitu, halafu na wodini akaanza kufoka, Bwana wake atakutana naye wapi?

Ukiingia kanisani unapiga goti kwa sababu taa nyekundu ya tabernakulo inawaka, unajua Bwana yupo. Leba hakuna taa nyekundu. Hapo ndipo ninapopata hofu.

Kwaresima katekista alitusomea fundisho la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lile la mwaka 1963 kuhusu liturujia: kwamba Kristo yupo katika sadaka ya misa, katika padri anayeiadhimisha na hasa katika maumbo ya Ekaristi, yupo katika sakramenti, yupo Maandiko yanaposomwa kanisani, yupo watu wanaposali pamoja. Nikanyoosha mkono nikauliza, na kwa mgonjwa je? Akacheka, akafungua Mathayo 25, pale Bwana siku ya hukumu anaposema nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama. Maneno hayo unayajua tangu kipaimara, sikuhubirii. Ila safari hii nilishtushwa na kitu kimoja. Wale wa kuume wanauliza, Bwana, ni lini tulikuona? Wale wa kushoto nao wanauliza vilevile. Hakuna upande uliomtambua! Waliobarikiwa walitoa maji, wakavika, wakaenda kutazama mgonjwa, na hawakusikia kitu chochote cha ajabu. Kwa hiyo hiyo "sisikii kitu" yako, mwanangu, isikutishe hivyo. Wewe toa maji.

Na Kleopa na mwenzake wa njia ya Emau, walitembea naye, wakaongea naye, wakamwona mgeni tu asiye na habari za Yerusalemu. Walimtambua mezani, alipomega mkate. Lakini soma vizuri hapo kabla: Yesu alifanya kama anataka kuendelea mbele, na wao ndio waliomshawishi akae kwa kuwa kulikuwa kunakuchwa. Wangemwacha aende zake, wangelala wasijue nani amepita. Huyo asiye na glavu naye anakuja usiku.

Najua utasema serikali ilete vifaa, mama, usinitwishe mimi. Sawa, na ilete. Hata Martino wa Tours, akiwa askari wa Kirumi na bado mkatekumeni, hata ubatizo hajapokea, pale lango la Amiens alimkatia maskini joho lake nusu. Nusu! Usiku ndotoni akamwona Kristo amevaa ile nusu. Sikuambii umalize mshahara kununulia watu pamba, ada ya mdogo wako ya muhula huu bado. Nakuambia ulimi tu. Ulimi haupungui ukiutumia vizuri.

Na uwezo huo unao, nimeuona. Bibi yako mwaka ule wa mwisho, alipokuwa anatutukana wote na kutupa uji, ni wewe uliyekuwa unamwogesha. Ulikuwa unamwambia "bibi, sasa nageuza mkono" kana kwamba anaelewa. Mimi nilikuwa shambani. Mizabibu haikuhitaji kuangaliwa kiasi kile. Basi tuyaache. Ila sijawahi kukushukuru, na majirani wanaposema mtoto wako ana mkono wa huruma mimi huitikia tu kana kwamba nilikufundisha mimi.

Kwaya urudi. Usingoje usikie hamu. Na jumuiya ya huko uitafute, usiwe mtu wa kusali peke yako chumbani na simu. Usiku ukizidiwa na hasira, toka nje, kunywa maji, rudi. Usimjibu mama wa watu ukiwa umesimama mlangoni. Sogea kitandani. Nimesema usifoke? Nasema tena.

Mnunuzi wa zabibu amekuja na bei ya kutupa, anasema mwaka huu zabibu ni nyingi. Baba yako anataka tumngoje mwingine, mimi naona zitaozea kwenye matenga. Kifurushi nimekipakia basi la Tabora pale Nanenane: karanga, mlenda wa kukausha, unga wa uwele kidogo. Zabibu sijaweka, zingefika juisi. Kuna kanga tatu za zamani nimezifua, hizo si zako, ziache kazini kwa atakayekuja bila. Namba ya kondakta nimekutumia kwenye ujumbe, mpigie mapema, yule wa mara iliyopita alishusha mzigo njiani. Mdogo wako anauliza kama ile simu yako ya zamani bado unaitaka. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kuwa tarishi wenu.

Mama yako